Namba ya kifurushi: jinsi ya kuisoma mwenyewe kabla hujaenda posta

Nina kaduka ka steshenari karibu na ofisi moja ya posta, na ujirani huo umenifanya karani asiye na mshahara. Mtu akiambiwa dirishani kwamba mzigo wake bado, huvuka barabara na kuniwekea karatasi juu ya meza: "Hebu niangalizie kwenye kompyuta yako." Ndivyo nilivyojifunza haya ninayoyaandika, kwa kuulizwa.

Aliyenisukuma kuyaandika ni bibi mmoja ambaye mjukuu wake yuko Muscat. Mjukuu alimtajia namba kwa simu, kijana wa jirani akaiandika alivyoisikia: CP2O58147360M. (Tarakimu nimezibadilisha kwa ajili ya mwongozo huu, kosa lenyewe ni lile lile.)

"Inasemaje, mwanangu?"

"Inasema haipo, bibi."

"Haipo vipi, na mzigo upo? Nimeuona kwenye picha!"

Alikuwa na haki. Mzigo ulikuwapo, namba ndiyo haikuwapo. Wengi wetu tukitaja namba kwa simu, sifuri tunaiita "o", na kijana naye akaandika herufi O. Kisha mwishoni, palipotakiwa herufi O ya kweli, akaweka sifuri. Nilizibadilisha hizo mbili na kifurushi kikajitokeza. Kilikuwa kimeshaingia nchini.

Kabla ya hatua zenyewe, shika jambo moja. Ile mistari myeusi kwenye lebo haibebi habari za mzigo wako. Ndani yake hamna jina lako, hamna anwani, hamna kilo wala thamani. Imebeba jina la kifurushi tu, herufi na tarakimu 13 zile zile zilizochapwa chini yake. Habari zote nyingine zinakaa kwenye kompyuta za posta, na mistari ni njia ya mashine kuuliza "wewe ni nani?" bila mtu kuandika kwa mkono. Kwa hiyo ukiweza kulisoma jina hilo, unajua karibu kila kitu ambacho lebo inaweza kukuambia.

Hatua ya 1: Hesabu vipande 13, uvigawe

Namba ya posta ya kimataifa ina umbo moja duniani kote: herufi 2, tarakimu 8, tarakimu 1 ya ukaguzi, herufi 2. Ya bibi, ikiandikwa sawasawa, inagawanyika hivi:

CP – 20581473 – 6 – OM

Umbo hili limewekwa na Umoja wa Posta Duniani, ule wenye makao yake Bern, Uswisi, uliozaliwa kwa mkataba wa 1874. Kanuni yenyewe huitwa S10. Kwa sababu ya kanuni hiyo, lebo iliyobandikwa Muscat inasomeka na mashine ya Dar es Salaam, Mombasa au Kigali bila posta hizo kukaa kikao chochote.

Sasa angalia faida ya kwanza. Herufi haziruhusiwi katikati, tarakimu haziruhusiwi pembeni. Kila alama ya mviringo iliyo kati ya nafasi ya tatu na ya kumi na moja ni sifuri, na ile iliyo kwenye nafasi mbili za mwanzo au mbili za mwisho ni herufi O. Ukikuta I katikati, hiyo ni 1. Ukikuta S, ni 5. Nusu ya karatasi ninazoletewa hupona hapa hapa.

Kama vipande si 13, usilazimishe. Kampuni za usafirishaji za binafsi zina namba zao: DHL Express hutumia tarakimu 10 tupu, UPS huanza na 1Z na kuendelea hadi vipande 18. Na maduka ya mtandaoni ya China mara nyingi hukupa kwanza namba yao ya ndani, ndefu, isiyo na herufi za nchi mwishoni. Hiyo ni ya duka, haijawa ya posta. Muulize muuzaji namba ya posta, au subiri, maana nyingi huongezewa ya posta baadaye.

Hatua ya 2: Soma herufi ya kwanza

Herufi ya kwanza hutaja aina ya huduma iliyolipiwa. Zile utakazokutana nazo zaidi ni hizi.

E ni EMS, ile ya haraka. C ni kifurushi cha kawaida. R ni barua ya rejista, ambayo mpokeaji huisaini. V ni barua yenye bima. L ni barua au kifurushi kidogo kinachofuatiliwa lakini hakina ulinzi wa rejista. H ni vifurushi vya biashara ya mtandaoni. M ni mfuko mzima wa vitabu au magazeti yanayokwenda kwa mtu mmoja.

U nimeiacha mwisho kwa makusudi, kwa kuwa inawaliza watu. Kifurushi chenye U kina mistari, kina namba ya vipande 13, kina kila dalili ya kufuatiliwa, na hakifuatiliwi. Namba hiyo imewekwa hasa kwa ajili ya tamko la forodha. Ukiagiza kava la simu la bei ya chee na usafirishaji wa bure, ndiyo utakayopewa. Labda itaonyesha kwamba limeondoka China, kisha kimya, na kimya hicho hakina maana kwamba limepotea. Hakuna aliyelipwa kuliskani kila kituo.

Herufi ya pili usiihangaikie. Posta huitumia kuongeza nafasi za namba: tarakimu 8 zinatosha vifurushi milioni 100, kisha hubadilisha herufi ya pili na kuanza upya.

Hatua ya 3: Soma herufi mbili za mwisho

Hizi ni nchi ya posta iliyotoa namba. Si nchi mzigo unakokwenda. Kosa hili nalisikia kila wiki: "Mbona imeandikwa OM wakati natakiwa kuipokea hapa?" Imeandikwa OM kwa sababu ilizaliwa Oman, na jina la kuzaliwa halibadiliki njiani.

Kwetu: TZ, KE, UG, RW, BI, CD kwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, KM kwa Komoro. AE ni Falme za Kiarabu. Uingereza ni GB, wala si UK. Ujerumani ni DE na Uswisi ni CH, kwa majina ambayo wenyewe wanajiita. ZA ni Afrika Kusini. Zambia ni ZM, na wako waliokaa wiki nzima wakisubiri mzigo wa Lusaka kumbe umetoka Johannesburg.

Usishangae pia ukinunua kitu China kikaja na herufi za nchi nyingine kabisa. Wauzaji wakubwa hupeleka mizigo kwa gari au ndege hadi nchi yenye nauli nzuri ya posta, na huko ndiko kinakobandikwa lebo.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya ukaguzi

Hapa chukua kalamu. Hii ndiyo hatua ninayoipenda, na ndiyo watu wachache sana wanaijua.

Ile tarakimu ya tisa, iliyo peke yake kabla ya herufi za nchi, haikuongezwa kwa bahati. Inapatikana kutokana na zile 8 za mbele yake, na ukikosea hata moja, hesabu inakataa. Zidisha tarakimu 8, moja baada ya nyingine, kwa namba hizi kwa mpangilio huu: 8, 6, 4, 2, 3, 5, 9, 7. Kwa namba ya bibi:

2 × 8 = 16
0 × 6 = 0
5 × 4 = 20
8 × 2 = 16
1 × 3 = 3
4 × 5 = 20
7 × 9 = 63
3 × 7 = 21

Jumla ni 159. Igawe kwa 11: inaingia mara 14, inabaki 5. Toa baki hilo kwenye 11, unapata 6. Tarakimu ya tisa ni 6. Namba imepona.

Kuna hali mbili za pekee, kwa sababu tarakimu moja haiwezi kuandika 10 wala 11. Ukipata 10, andika 0. Ukipata 11, andika 5.

Sasa tuiharibu makusudi. Tuseme mtu amegeuza 5 na 8, akaandika 20851473. Ile 20 inakuwa 32, kwa kuwa 8 sasa inazidishwa kwa 4, na ile 16 ya mstari wa nne inakuwa 10. Jumla inapanda hadi 165. Gawa kwa 11: mara 15 kamili, hakuna kilichobaki. 11 toa 0 ni 11, yaani 5. Lakini lebo inasema 6. Hapo unajua umeandika vibaya kabla hata ya kufungua intaneti.

Ndiyo sababu namba za kuzidishia zinatofautiana. Kama zote zingekuwa sawa, 58 na 85 zingetoa jumla ile ile na kosa lingepita. Na kugeuza tarakimu mbili zinazofuatana ni kosa la kawaida mno kwa anayenakili kwa haraka, pamoja na kusoma 7 kuwa 1.

Mtego huu hunasa kila kosa la tarakimu moja na kila mgeuzo wa jirani mbili ndani ya zile 8, isipokuwa tundu moja dogo: namba ambayo tarakimu yake ya ukaguzi ni 5. Umeona kwamba 5 inaweza kuja kwa njia mbili, kwa 5 yenyewe au kwa 11 iliyobatizwa. Kosa lenye bahati linaweza kupenya hapo. Ukiona 5, soma namba mara mbili.

Hatua ya 5: Tazama mistari yenyewe

Kwa kawaida mistari ya S10 imeandikwa kwa mwandiko unaoitwa Code 128. Tafuta mstari mwembamba kuliko yote kwenye lebo, upana wake uuite 1. Kila herufi au tarakimu hupewa upana wa 11: mistari mitatu myeusi na nafasi tatu nyeupe zikipishana, na hakuna hata mmoja unaozidi 4. Herufi C, kwa mfano, ni mweusi 1, mweupe 3, mweusi 1, mweupe 3, mweusi 2, mweupe 1. Jumlisha, ni 11. Mweupe nao ni maandishi. Ndiyo maana tone la wino likianguka kwenye nafasi nyeupe linafuta neno sawa na mkwaruzo kwenye mstari mweusi.

Tarakimu zikifuatana, mwandiko huu una njia ya mkato. Alama moja hubeba tarakimu mbili kwa pamoja, hivyo 20581473 inaweza kuandikwa kwa alama nne tu: 20, 58, 14, 73. Mwishoni kabisa huwekwa alama nyingine ya ukaguzi, ambayo haichapwi kwa macho ya binadamu. Niliipigia hesabu namba ya bibi kwa njia hiyo ya mkato nikapata 61. Kwa hiyo kila namba ina walinzi wawili: mmoja analinda kalamu zetu, mwingine analinda jicho la mashine. Mashine ikisoma vibaya, kwa kawaida haikupi namba ya mtu mwingine. Hunyamaza, na karani anaandika kwa mkono. Na anapoandika kwa mkono, yule mlinzi wa kwanza anashika zamu.

Urefu wa mistari, kutoka juu kwenda chini, hauna maana yoyote. Ni maandishi yale yale yamevutwa tu ili mashine iyapate popote inapokata. Kutokana na hilo, fuata haya unapofunga mzigo wako:

Lebo ikichanika upande wa juu, si neno. Ikichanika au kukunjika kutoka juu hadi chini, hata kwa upana wa kiberiti, imekufa. Usiibandike kwenye kona ya boksi ikajikunja pande mbili. Usiifunike kwa selotepu yenye mikunjo au inayong'aa, maana mwanga wa mashine unarudi ovyo. Acha weupe pembeni, kulia na kushoto, walau mara kumi ya mstari mwembamba. Huko ndiko mashine inakojua kwamba mwandiko umeanza na umekwisha. Nimewahi kumwona mtu akizungushia lebo fremu nzuri ya maka pen nyeusi "ili ionekane". Ilionekana na kila mtu isipokuwa mashine.

Ukitaka kuhakikisha, weka programu yoyote ya kusoma misimbopau kwenye simu, uilenge lebo ya kifurushi cha zamani. Utaona vipande 13 na hakuna kingine. Hayo mengine, yaani jina lako, vilivyomo na thamani, mtumaji aliyajaza kwenye fomu ya forodha, na tangu mwanzo wa 2021 posta zinatakiwa kuyatuma kwa njia ya kielektroniki kabla mzigo wenye bidhaa haujafika, yakiwa yamefungwa kwenye namba hiyo hiyo. Ndiyo maana mtumaji akiandika "zawadi" tu bila kusema ni zawadi gani, anakununulia foleni.

Hatua ya 6: Uelewe mfuko

Bila hatua hii, ufuatiliaji wote utakuchanganya.

Kifurushi chako hakisafiri peke yake. Kikifika ofisi ya kupeleka nje, kinaskaniwa na kutiwa kwenye mfuko pamoja na wenzake, mfuko unafungwa na kupewa lebo yake. Kuanzia hapo hadi mfuko ufunguliwe nchi nyingine, hakuna anayekisoma kifurushi. Unasomwa mfuko.

Lebo ya mfuko ina vipande 29, na kinyume cha lebo ya kifurushi, yenyewe imebeba habari nyingi. Vipande 6 vya kwanza ni ofisi inayotuma, 6 vinavyofuata ni ofisi inayopokea. Kila ofisi ina herufi mbili za nchi, tatu za mji, na moja ya kutofautisha ofisi za mji huo: zile za Muscat huanza na OMMCT, za Dar es Salaam na TZDAR, za Nairobi na KENBO. Kisha kipande 1 cha njia, kama ni ndege au meli, 2 vya aina ya barua zilizomo, 1 cha tarakimu ya mwisho ya mwaka, 4 vya namba ya msafara, na 3 vya namba ya mfuko ndani ya msafara huo. Kimoja kinasema kama huo ndio mfuko wa mwisho, kingine kama ndani mna rejista. Vinne vya mwisho ni uzito, kwa mafungu ya gramu 100: 0124 ni kilo 12 na gramu 400.

Mpokeaji akikuta mfuko wa 1, wa 2 na wa 4, na wa 4 ndio wenye alama ya mwisho, anajua bila kuambiwa na mtu kwamba wa 3 umebaki mahali. Kwangu hii ndiyo kazi nzuri kuliko zote za mistari, na mteja haioni kamwe.

Hatua ya 7: Fuatilia kwa mpangilio

Posta hupashana habari kwa misimbo ya herufi tatu. Tovuti huitafsiri kwa maneno mbalimbali, lakini chini yake safari ni moja:

EMA, kimepokelewa kwa mtumaji. EMB, kimefika ofisi ya kupeleka nje. EMC, kimeondoka ofisi hiyo. EMD, kimeingia ofisi ya kupokea ya nchi ya mwisho. EME, kimeshikwa na forodha. EMF, kimetoka ofisi hiyo ya kupokea. EMG, kimefika ofisi ya kugawa. EMH, wamejaribu kukukabidhi wakashindwa. EMI, kimekabidhiwa.

Kati ya EMC na EMD ndipo watu wanapokosa usingizi. "Kimeondoka" mara nyingi hurekodiwa mfuko unapofungwa, si ndege inaporuka. Mfuko unaweza kukaa uwanjani siku kadhaa ukingoja nafasi, na wewe huku unahesabu siku kana kwamba uko angani. Wakati huo, kuangalia asubuhi na jioni hakuongezi kitu: hakuna anayeskani kifurushi kilichofungiwa ndani ya mfuko.

EMH nayo isome vizuri. Kwetu wengi tunapokea kwa sanduku la posta, kwa hiyo "wameshindwa kukabidhi" mara nyingi humaanisha kwamba kipo, kinakungoja uende na kitambulisho. Nenda siku hiyo hiyo. Kikikaa sana hurudishwa kilikotoka.

Hadi EMC, tumia tovuti ya posta ya nchi ya mtumaji. Kuanzia EMD, hamia tovuti ya posta ya nchi yako. Na ukiona historia ya mzigo uliokabidhiwa zamani kwa mtu wa mji usioujua, usipige kelele ya wizi kwanza: tarakimu 8 zina mwisho, na namba hurudiwa baada ya muda. Tazama tarehe.

Ukiletewa ujumbe wa "lipia kifurushi chako"

Umekwama forodhani, lipa kiasi fulani kupitia kiungo hiki, leo kabla ya saa kumi. Sote tumeupata. Piga hesabu ya hatua ya 4 kwenye namba waliyokupa, kama wameweka namba. Wengi huweka takataka na hesabu inakataa papo hapo. Lakini hesabu ikikubali, bado usilipe. Tapeli anayejua kuzidisha anaweza kutunga namba sahihi kama nilivyotunga mimi hapa, na anaweza kunakili ya kweli kutoka picha uliyoweka mwenyewe mtandaoni ukifurahia mzigo. Ingiza namba kwenye tovuti ya posta uliyoiandika mwenyewe, au nenda dirishani. Ushuru wa kweli una risiti.

Mistari mingine utakayoikuta kwenye bahasha

Barua kutoka Marekani huja na safu ya vijistari vifupi, vingine vikipanda juu, vingine vikishuka chini. Hiyo si Code 128. Vipo 65 kamili, kila kimoja kikiwa na umbo moja kati ya manne: kinachopanda, kinachoshuka, kinachofanya yote mawili, na kisichofanya lolote. Ndani yake huingia hadi tarakimu 31: aina ya huduma, namba ya kampuni iliyotuma, namba ya barua yenyewe, na postikodi ya kule inakokwenda. Usijaribu kuzisoma kwa macho, maana tarakimu hizo huchanganywa kihesabu kwanza ndipo zikatawanywa kwenye vijistari, kusudi barua ikichafuka sehemu moja isipoteze tarakimu moja nzima.

Mtangulizi wake, uliostaafishwa 2013, ulisomeka kwa macho, na kama nyumbani mna bahasha za zamani za ndugu wa Marekani mnaweza kujaribu na watoto. Unaitwa POSTNET. Ondoa mstari mrefu wa kwanza na wa mwisho, hizo ni fremu. Waliobaki wagawe watano watano. Kila kundi lina warefu wawili na wafupi watatu. Nafasi tano zina thamani 7, 4, 2, 1, 0, na unajumlisha za wale warefu. Wa pili na wa nne wakiwa warefu: 4 na 1, ni 5. Wa kwanza na wa pili: 7 na 4 ni 11, na hiyo 11 imekubaliwa isomwe 0. Kundi la mwisho ni la ukaguzi, huongezwa ili tarakimu zote zikijumlishwa zifike kumi kamili au makumi. Postikodi 10001 ya New York ina jumla ya 2, kwa hiyo inafungwa na 8.

Kikipotea kweli

Usikae mwaka ukilalamika vijiweni. Kwa rejista, bima na vifurushi, posta hupokea maombi ya kutafutiwa ndani ya miezi 6, kuanzia siku inayofuata ile ya kutumwa. Kwa kawaida mtumaji ndiye anayeanza, huko huko alikotumia, maana risiti na mkataba viko kwake. Kwa hiyo bibi wa Tanga hawezi kufanya mengi dirishani kwake. Mjukuu wa Muscat ndiye wa kusukumwa. Atahitaji namba ya vipande 13, tarehe, anwani zote mbili na maelezo ya vilivyomo. Ambatanisha na orodha ya matukio uliyoyaona kwenye tovuti, pamoja na tarehe zake, ili watafutaji waanzie pale namba iliposomwa mara ya mwisho. Kama ni kabla ya EMC, swali ni la nchi iliyotuma. Kama ni baada ya EMD, swali ni la nchi iliyopokea. Kati yake, swali ni la mfuko, na mfuko una vipande vyake 29 ambavyo posta wanaweza kuvifuata.

Na mwambie mtumaji aipige picha risiti siku ile ile. Nyingi huchapwa kwenye karatasi ya joto, na ukiiacha kwenye dashibodi ya gari au pochi iliyo karibu na jiko, baada ya miezi michache unabaki na karatasi nyeupe. Nimeletewa nyeupe kama hizo, mwenyewe akiapa kwamba namba ilikuwa hapo. Asiye na simu ya kamera aje tumpigie fotokopi, bei ni ile ile ya siku zote.